Vidole vikikakamaa kila asubuhi, usilaumu mzigo

GIHEKE, Rusizi – Katika vilima vya Giheke siku ya biashara huanza kabla jua halijachomoza. Ndizi, parachichi, mboga, kuku na mayai hushushwa hadi Kamembe, kisha huvushwa mpakani kuelekea masoko ya Bukavu. Sehemu ya safari ni kwa pikipiki au gari, na sehemu kubwa ni kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani au mgongoni. Katika maisha ya namna hii hakuna anayeshangaa mama wa miaka 35 akisema viungo vinamuuma. Majirani watamwambia ni rubagimpande. Wateja wake wa ng'ambo watamwambia ni rimatizimu. Wote watalaumu mzigo na baridi ya alfajiri.

Mara nyingi watakuwa sahihi. Kubeba kilo nyingi kwa miaka mingi huchosha mgongo na kuchakaza magoti. Lakini yapo maumivu ambayo mzigo hauhusiki nayo. Yanatokana na kinga ya mwili, askari wanaotulinda dhidi ya vijidudu, wanapokosea na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Magonjwa mawili ya aina hii yanamhusu sana mfanyabiashara, hasa mwanamke: baridi yabisi, ambayo hula viungo, na lupasi, ambayo inaweza kugusa ngozi, viungo, damu, moyo, mapafu, ubongo na figo.

Yote mawili hayana tiba ya kuyamaliza kabisa. Yote mawili yana dawa za kuyatuliza, na baadhi ya dawa hizo ni za zamani na si za bei kubwa. Jambo linaloamua hatima ya mgonjwa ni muda. Aliyeanza dawa sahihi katika miezi ya mwanzo anaweza kuendelea na kazi yake. Aliyekaa miaka akimeza vidonge vya kutuliza maumivu anaweza kubaki na vidole vilivyopinda, visivyoweza kufunga fundo la kamba wala kuhesabu noti.

Tofauti ya maumivu ya kazi na ya ugonjwa

Mganga mzuri huanza na swali moja: maumivu yako yanakuzidi saa ngapi?

Maumivu ya kazi huongezeka kadiri siku inavyosonga. Jioni magoti yanalalamika, mtu akilala yanatulia, na asubuhi anaamka akiwa na nafuu. Baridi yabisi huenda kinyume. Mgonjwa anaamka vidole vimekakamaa kama vilivyofungwa kwa bendeji. Hawezi kufunga vifungo vya blauzi, kushika kikombe wala kufungua kifuniko cha dumu. Hali hiyo hudumu zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, na hulegea taratibu anapoanza kutumia mikono.

Swali la pili ni viungo gani vinauma. Baridi yabisi hupenda viungo vidogo: vifundo vya vidole pale vinapoungana na kiganja, viungo vya katikati ya vidole, vifundo vya mikono, na vidole vya miguu karibu na unyayo. Kwa kawaida hushika pande zote mbili, kulia na kushoto. Viungo huvimba, vikawa laini na vyenye joto. Mtu akikubana mkono kidogo kwenye vifundo vya vidole, kama anavyokusalimu kwa nguvu, unaruka kwa maumivu.

Swali la tatu ni muda. Homa nyingi za virusi huleta maumivu ya viungo, kisha huisha ndani ya siku au wiki chache. Vigezo vya kimataifa vilivyowekwa mwaka 2010 na vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vinatilia uzito uvimbe uliodumu wiki 6 au zaidi. Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kukumbuka alama tatu: kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kuvimba kwa vifundo vya vidole, na wiki 6. Zikikutana zote, safari ya kwanza iwe kituo cha afya.

Si kila uvimbe ni baridi yabisi, hata hivyo. Jongo, kwa mfano, huvamia ghafla usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na huwapata zaidi wanaume. Kiungo kimoja kilichovimba sana pamoja na homa kali kinaweza kuwa na usaha ndani, na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Lupasi, ugonjwa wa majina mengi

Lupasi ni ngumu zaidi kuitambua kwa sababu huvaa nguo za magonjwa mengine. Leo ni homa na uchovu, watu wanasema malaria. Kesho nywele zinakatika, vidonda vinatokea kinywani na mwili unapungua, majirani wananong'ona UKIMWI. Kifua kikiuma mtu anapovuta pumzi, inadhaniwa kifua kikuu. Akianza degedege au kuchanganyikiwa, familia inasema amerogwa au amelishwa sumu na mshindani wa biashara. Wapo wanaomaliza miaka na pesa kati ya waganga na maduka ya dawa kabla hajatokea mtu wa kuziunganisha dalili hizo zote kuwa ugonjwa mmoja.

Kati ya kila wagonjwa 10 wa lupasi, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua katika miaka ya kuzaa, kati ya 15 na 45. Dalili inayojulikana sana ni upele unaopita juu ya pua na mashavuni kwa umbo la kipepeo. Vitabu vingi huuonyesha kwenye ngozi nyeupe, ukiwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na aina nyingine huacha makovu meupe katikati. Anayesubiri kuona wekundu anaweza asiuone kabisa. Jua huuchochea, na muuzaji anayekaa sokoni bila kivuli kuanzia asubuhi hadi alasiri anaupa nafasi hiyo kila siku.

Hatari kubwa iko kwenye figo, na figo haziumi. Zinaharibika kimyakimya. Ishara ni mkojo wenye povu, uso au miguu kuvimba, na presha kupanda. Ndiyo maana kipimo chenye faida kubwa kwa mgonjwa wa lupasi ni kile cha bei ndogo kabisa: kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kuangalia protini na damu, pamoja na kupima presha. Vipimo hivi viwili havihitaji hospitali kubwa.

Kuna jambo jingine linalovunja nyumba. Damu ya baadhi ya wagonjwa wa lupasi huonyesha kaswende katika kipimo cha kwanza ilhali hawana kaswende. Kipimo cha pili, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe cha kaswende, huondoa shaka hiyo. Mama mjamzito aliyeambiwa ana kaswende akijua fika maisha yake na ya mumewe, na ambaye mimba zake zimetoka mara kwa mara, anastahili kipimo hicho cha pili na swali kuhusu lupasi.

Lupasi na baridi yabisi haziambukizi. Hazihami kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kunyonyesha.

Si ugonjwa wa Wazungu

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini magonjwa haya ni adimu kwa Waafrika. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba huenda malaria na vimelea vingine vinawakinga watu dhidi yake. Wazo hilo bado linachunguzwa, lakini lilisaidia kueneza mazoea ya kutoyatafuta. Wakati huo huo, nchini Uganda, Profesa Bwogi Kanyerezi na wenzake walikuwa wakiwaona na kuwaandika wagonjwa wa baridi yabisi na lupasi miongoni mwa Waganda. Huko Marekani na Uingereza imethibitika kwamba wanawake wenye asili ya Afrika hupata lupasi mara nyingi zaidi kuliko wanawake weupe, na huwashika vikali zaidi.

Rwanda nayo ina takwimu za kuonyesha ukubwa wa jambo hili kwa ujumla. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta asilimia 5.2 ya watu wana tatizo la mifupa, misuli au viungo linalowazuia kufanya shughuli zao. Baridi yabisi na lupasi ni sehemu tu ya hao. Duniani kote baridi yabisi hushika takriban mtu 1 kwa kila 100 au pungufu ya hapo. Katika soko lenye wachuuzi mia kadhaa, mmoja au wawili si jambo la kushangaza.

Kidonge kinachoficha moto

Katika njia zote za biashara za ukanda huu kuna kidonge cha maumivu kinachouzwa bila maswali. Wakati mwingine ni diklofenaki au ibuprofeni. Hivi hupunguza maumivu lakini havizuii ugonjwa kula kiungo, na vikimezwa kila siku kwa miezi huchoma tumbo na kuumiza figo. Kwa mwenye lupasi, figo ndizo zilizo hatarini tangu mwanzo.

Kibaya zaidi ni deksamethasoni na ndugu yake prednisoloni, dawa za kundi la steroidi. Nguvu yake ilianza kuonekana mwaka 1948, Philip Hench na wenzake wa kliniki ya Mayo, Marekani, walipomchoma sindano mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench alishiriki Tuzo ya Nobel. Madhara yalifuata haraka: uso kuvimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha kupanda, mifupa kuwa myepesi, maambukizi kuingia kirahisi.

Ndiyo maana kidonge hicho humdanganya mnunuzi. Aliyeamka hawezi kushika kikombe anameza viwili, na kesho yake anabeba mzigo. Anadhani amepona. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini, uvimbe ambao daktari angeuona umefichwa, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Akivimba uso, watu wanamsifu amenawiri. Akiacha ghafla baada ya wiki nyingi, anaweza kuanguka kwa udhaifu na presha kushuka, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe.

Steroidi zina nafasi yake. Daktari huzitumia kwa kipimo kinachojulikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, kutuliza moto wakati dawa za kudumu zinasubiriwa kufanya kazi, na kuokoa figo au ubongo wa mgonjwa wa lupasi. Tatizo ni kuzitumia bila kujua ni steroidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa iliyouzwa kama virutubisho vya viungo kwa jina la Artri King, kwa sababu ndani yake kulikuwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Dawa "ya mitishamba" inayomaliza maumivu ya miaka ndani ya siku mbili inapaswa kutiliwa shaka hiyo hiyo.

Dawa mbili za zamani

Dawa ya msingi ya baridi yabisi ni methotreksati. Kwanza ilitumika kwa saratani, kisha ikagundulika kwamba kwa kipimo kidogo hutuliza kinga iliyokosea njia. Hupunguza kasi ya ugonjwa na kulinda viungo, ila huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu zake. Asiyejua hilo huiacha katika wiki ya tatu akisema haifanyi kazi.

Kanuni moja ya methotreksati haina mjadala: humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu katika nchi nyingi. Mgonjwa achague siku moja, kwa mfano siku ambayo havuki mpaka, na aiandike kwenye pakiti. Kwa kawaida hupewa pia asidi ya foliki kupunguza madhara. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda, na pombe hupunguzwa sana au huachwa. Mwanamke anayetumia methotreksati asishike mimba, kwa sababu huharibu mtoto tumboni. Anayetaka mtoto amwambie daktari mapema ili abadilishiwe dawa.

Kwa lupasi, nguzo ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini chungu ambayo watu wazima wa ukanda huu waliimeza utotoni kwa malaria. Uhusiano huo ulionekana kwa bahati. Baada ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia kunywa dawa za malaria, ilionekana kwamba baadhi yao walipata nafuu ya ngozi na viungo, na mwaka 1951 daktari Mwingereza Francis Page akachapisha matokeo yake ya kutibu lupasi kwa dawa ya malaria iitwayo mepakrini. Leo haidroksiklorokwini hupunguza milipuko ya lupasi, hulinda figo na huongeza miaka ya kuishi. Huendelea kutumika hata wakati wa mimba. Kipimo hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, kwa kuwa matumizi ya muda mrefu yanaweza kudhuru jicho. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 2020, ilipovuma kwamba haidroksiklorokwini inatibu korona, wasiougua waliinunua kwa wingi na wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi wakaikosa. Utafiti ulionyesha baadaye kwamba haikusaidia korona.

Mwenye lupasi ana dawa nyingine isiyouzwa farmasi: kivuli. Mwavuli mkubwa juu ya meza ya biashara, kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya matibabu. Mkorogo wa kung'arisha ngozi usiguse upele huo, kwa sababu mara nyingi una steroidi ndani.

Ngazi za kupanda kutoka Giheke

Ngazi ya kwanza ni mshauri wa afya wa kijiji na kituo cha afya. Hapo yanawezekana mazungumzo, kuangalia mikono, kupima presha na mkojo, na kuondoa malaria na VVU kwenye orodha ya shaka. Kituo kikiona alama zilizotajwa, huandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Rusizi ina Gihundwe na Mibilizi. Juu yake ziko hospitali za chuo kikuu, CHUB mjini Huye, baada ya kuvuka msitu wa Nyungwe, na CHUK mjini Kigali.

Karatasi ya rufaa ina thamani ya pesa. Mwenye mituweli anayefuata ngazi hulipa asilimia 10 ya gharama hospitalini, na anayeruka ngazi bila karatasi anaweza kutakiwa kulipa yote.

Vipimo vya damu husaidia, lakini havitoi hukumu peke yake. Kipimo cha zamani cha baridi yabisi kinaweza kuwa chanya kwa mtu mwenye homa ya ini au kifua kikuu, na kikawa hasi kwa mgonjwa halisi. Kipimo cha kwanza cha lupasi huwa chanya kwa karibu wagonjwa wote, ila huwa chanya pia kwa watu wengi wazima. Anayeuza vipimo bila kukushika mikono na kukuuliza maswali hajakuchunguza.

Pengo kubwa ni wataalamu. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno katika Afrika Mashariki nzima, na wengi wako miji mikuu. Kenya ilionyesha njia moja kupitia mradi wa UWEZO, ambapo wataalamu waliwafundisha wahudumu wa afya kutambua magonjwa ya viungo na kujua nani wa kupelekwa mbele. Katika mgawanyo wa awali wa vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, figo zilipewa Nairobi, saratani Uganda na moyo Tanzania. Viungo havikupewa nchi yoyote.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani kuna ugumu wa ziada: parachichi zinavuka, kadi ya bima haivuki. Mituweli hailipi matibabu ya Bukavu, na Mkongo anayetibiwa Rusizi hulipa kutoka mfukoni. Anayetibiwa pande mbili anaweza pia kupewa dawa ileile mara mbili kwa majina mawili. Suluhisho la karibu ni daftari dogo lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kibali cha kuvukia: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, siku ya methotreksati, tarehe ya kupima mkojo na damu, na majibu ya mwisho. Muuguzi wa upande wowote wa mto ataweza kulisoma.

Anayeanza kuona dalili leo anaweza kuanza daftari lake kesho asubuhi, kwa kuandika saa aliyoamka na saa ambayo vidole vililegea. Akifanya hivyo kwa wiki 2, atampa daktari habari ambayo hakuna mashine ya maabara inayoweza kuitoa.